Mystery Case Files: Ravenhearst

Mystery Case Files: Ravenhearst ni mchezo wa video wa kutafuta vitu vilivyofichwa, uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta na kutolewa mwezi Novemba 2006 na kampuni ya Big Fish Games ya mjini Seattle, Marekani. Ni mchezo wa tatu katika mfululizo wa Mystery Case Files, baada ya Huntsville (2005) na Prime Suspects (2006). Mchezaji anachukua nafasi ya mpelelezi anayetumwa kuchunguza jumba la kale lililoachwa nchini Uingereza, ambamo imefungwa roho ya mwanamke aitwaye Emma Ravenhearst.

Michezo miwili iliyotangulia ilikuwa ya upelelezi wa kawaida na yenye mzaha kidogo. Ravenhearst ilikuwa ya kwanza katika mfululizo huo kuwa na giza, mizuka na hadithi moja ndefu inayofunuliwa polepole. Kwa njia hiyo ilisaidia kubadilisha aina nzima ya mchezo: kutafuta vitu katika picha, ambako awali kulikuwa burudani ya macho tu, kukawa namna ya kusimulia hadithi ya kutisha. Michezo mingi iliyofuata ya aina hiyo, iwe ya Marekani, Urusi, Polandi au Serbia, imetumia mtindo huohuo wa nyumba kuukuu, shajara iliyochanwa na mtu aliyekufa akiwa hana amani.

Usuli

Kutafuta vitu vilivyofichwa katika picha ni mchezo wa zamani kuliko kompyuta. Jarida la watoto la Marekani liitwalo Highlights, lililoanzishwa mwaka wa 1946, limejulikana kwa ukurasa wake wa michoro yenye vitu vilivyofichwa ndani yake. Mwaka wa 1987 mchoraji Mwingereza Martin Handford alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu Wally, kijana mwenye fulana ya mistari myekundu na myeupe ambaye msomaji anapaswa kumpata katikati ya umati wa watu. Kuanzia mwaka wa 1992 vilifuata vitabu vya I Spy, ambamo Walter Wick alipiga picha za mamia ya vitu vidogo vilivyopangwa pamoja, naye Jean Marzollo akaandika mafumbo ya kumwelekeza mtoto kitu cha kutafuta. Baadaye vitabu hivyo viligeuzwa kuwa programu za kompyuta kwa ajili ya watoto.

Big Fish Games ilianzishwa mwaka wa 2002 na Paul Thelen. Kampuni hiyo iliuza kupitia intaneti michezo midogo ambayo haikuhitaji kompyuta yenye nguvu wala mazoea ya kucheza. Mchezo wake Mystery Case Files: Huntsville wa mwaka wa 2005 ulichukua wazo la vitabu vya picha na kulipeleka kwa watu wazima. Mchezaji alipewa orodha ya vitu, picha iliyojaa takataka za kila aina, na muda wenye kikomo. Huntsville inahesabiwa kuwa chanzo cha aina hii ya mchezo kwa sura yake ya leo.

Chanzo kingine ni michezo ya mafumbo ya miaka ya 1990, hasa Myst, uliotolewa mwaka wa 1993 na ndugu wawili Rand na Robyn Miller. Katika Myst mchezaji hutembea peke yake mahali pasipo na watu, anafungua mitambo ya ajabu na kukusanya kurasa za vitabu ili aelewe kilichotokea. Ravenhearst nayo ina vitu hivyo vitatu: upweke, mitambo na kurasa. Tofauti kubwa ni kwamba Myst ulikuwa mgumu kiasi kwamba watu wengi waliuacha katikati, ilhali Ravenhearst ilitengenezwa ili mtu yeyote mwenye subira aweze kufika mwisho.

Uchezaji

Mchezo unachezwa kwa kipanya peke yake. Mchezaji anaingia katika sehemu mbalimbali za jumba na viwanja vyake. Kila sehemu ni picha moja isiyosogea, iliyojaa vitu vingi kupita kiasi, na kando ya picha kuna orodha ya maneno. Kazi ya mchezaji ni kukitafuta kila kitu kilichotajwa na kukibofya. Kitu kikipatikana hutoweka katika picha, na jina lake hufutwa katika orodha. Akikwama, mchezaji anaweza kuomba dokezo la kumwonyesha mahali kitu kilipo, lakini madokezo ni machache.

Kama ilivyokuwa katika michezo iliyotangulia, muda una kikomo, na anayebofya ovyo bila kuangalia hupunguziwa muda wake. Sheria hiyo inazuia hila ya kubofya kila mahali hadi vitu vyote vipatikane kwa bahati.

Jambo lililoitofautisha Ravenhearst na wenzake ni kufuli za milango. Milango mikuu ya jumba haifunguki kwa ufunguo wa kawaida. Kila mmoja umefungwa kwa mtambo wa ajabu wenye magurudumu, mipira, kamba, mizani au vyombo vya nyumbani vilivyounganishwa kwa namna isiyotarajiwa, na mchezaji hapewi maelezo. Inambidi ajaribu kila sehemu ya mtambo na kutazama matokeo yake hadi agundue mpangilio unaofaa. Mitambo hiyo mara nyingi hulinganishwa na michoro ya Rube Goldberg, mchoraji wa katuni wa Marekani aliyepata umaarufu kwa kuchora mashine tata za kufanya kazi ndogo sana. Katika hadithi ya mchezo, kufuli hizo zina maana nyingine pia: zilitengenezwa na mtu ambaye hakutaka kabisa aliyemo ndani atoke.

Kadiri mchezaji anavyosonga mbele, ndivyo anavyopata sehemu za shajara ya Emma. Kurasa zinasomwa kwa sauti ya kike, na ndizo zinazobeba hadithi yote.

Hadithi

Mpelelezi anapokea kazi kutoka kwa Malkia wa Uingereza. Anatakiwa kwenda kwenye jumba la Ravenhearst, lililo karibu na mji wa Blackpool kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ili kujua siri yake. Jumba ni tupu, limeharibika, na ndani yake kuna dalili kwamba si wote waliowahi kuishi humo wameondoka.

Kwa mujibu wa shajara, Emma Ravenhearst alikuwa mwanamke kijana kutoka Marekani aliyekwenda Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 ili kufundisha shule. Huko alikutana na Charles Dalimar, mwanamume aliyeonekana mwema na mkarimu. Wakawa marafiki, na baada ya muda Charles akamwomba amwoe. Emma alikataa.

Kukataa huko ndiko kiini cha hadithi. Muda mfupi baadaye Emma aliugua, na Charles akajitokeza kuwa mtu wa kumtunza. Muuguzi aitwaye Rose Somerset aliletwa kumhudumia, naye akawa rafiki yake wa pekee. Kadiri kurasa zinavyoongezeka, inadhihirika kwamba ugonjwa huo haukuja wenyewe na kwamba Charles hakukusudia kamwe kumwachia Emma aende zake. Jumba linalobeba jina la ukoo wake limekuwa gereza lake. Hata kifo hakikumweka huru, kwa sababu roho yake ilibaki imefungwa mlemle ndani.

Mchezo unaishia pale mpelelezi anapofungua mlango wa mwisho na kuiacha roho ya Emma iende. Charles mwenyewe habanwi na sheria wala hapigwi. Hatima yake, pamoja na ya Rose, iliachwa kwa ajili ya michezo iliyofuata.

Hadithi ya namna hii ina mizizi mirefu katika fasihi ya Kiingereza. Riwaya za kigothiki, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia The Castle of Otranto ya Horace Walpole (1764), zilipenda majumba ya kale, njia za siri na mizuka. Katika karne ya 19 waandishi waliitumia nyumba hiyo ya kutisha kueleza hofu iliyokuwa halisi zaidi, yaani hali ya mwanamke aliye chini ya mamlaka ya mwanamume asiyeweza kumkimbia. Katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847) mke amefichwa katika chumba cha juu cha nyumba. Katika The Woman in White ya Wilkie Collins (1860) mwanamke mwenye akili timamu anafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ili mali yake ichukuliwe, na sehemu ya hadithi inasimuliwa kupitia shajara. Ravenhearst inafuata mkondo huohuo: mzuka haumtishi mchezaji kwa ubaya wake, bali unamhitaji amsaidie. Wa kuogopwa ni mtu aliye hai aliyeambiwa hapana na asikubali.

Hofu isiyo na damu

Ravenhearst ni mchezo wa kutisha, lakini hauna mapigano, hauna silaha na mchezaji hawezi kufa. Hofu yake inatokana na mambo madogo. Picha ni za rangi ya kahawia, kijivu na kijani kilichofifia. Kuna milio ya mbao, upepo na minong'ono. Kivuli kinaweza kupita dirishani au sura ikatokea ghafla katika kioo na kupotea, wakati mchezaji anapotafuta kitu kingine kabisa.

Mbinu hii inafaa kwa sababu ya namna mchezo unavyochezwa. Anayetafuta vitu vilivyofichwa hulazimika kuikazia macho kila pembe ya picha. Katika mchezo mwingine mtu angeweza kupita haraka mahali panapomtisha, lakini hapa hawezi, kwa kuwa huenda kitu anachokihitaji kiko hapohapo gizani. Katika baadhi ya michezo ya aina hii watengenezaji wameongeza hali hiyo kwa kuifunika picha yote kwa giza na kumpa mchezaji duara dogo tu la mwanga wa tochi, analolisogeza kwa kipanya.

Vitu vyenyewe pia husaidia. Wanasesere wa zamani, viatu vya mtoto, chupa za dawa, saa zilizosimama na picha za watu wasiojulikana ni vitu vya kawaida, lakini vikirundikwa katika nyumba isiyo na watu vinaonekana kuwa mabaki ya maisha yaliyokatika.

Kwa nini vitu ni vigumu kuonekana

Mwaka wa 1980 wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade walichapisha nadharia inayoeleza jinsi macho na ubongo vinavyotafuta kitu kati ya vingine. Kitu kinachotofautiana na wenzake kwa sifa moja tu, kwa mfano kikombe chekundu katikati ya majani mabichi, huonekana mara moja, hata majani yakiwa mengi kiasi gani. Lakini kitu kinachotambulika kwa kuunganisha sifa mbili au zaidi, kama vile umbo fulani pamoja na rangi fulani, hakijitokezi chenyewe. Inabidi mtu avipitie vitu kimoja baada ya kingine, na kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndivyo muda unavyoongezeka.

Wachoraji wa michezo ya vitu vilivyofichwa huhakikisha kwamba kitu kinachotafutwa hakina sifa moja ya kukitenga na vingine. Njia zinazotumika zaidi ni hizi:

* Rangi: ufunguo wa shaba huwekwa juu ya fremu ya shaba, na nyoka wa kijani katikati ya mimea.
* Ukubwa: kitu kinachojulikana kuwa kikubwa huchorwa kidogo sana, au kidogo kikakuzwa. Tembo anaweza kuwa urembo juu ya rafu, na sindano ikawa ndefu kama nguzo.
* Kufunikwa: sehemu ya kitu hukaa nyuma ya kingine, ukabaki ncha au mpini tu.
* Mahali pasipotarajiwa: samaki anatundikwa ukutani, kijiko kinakuwa sehemu ya dirisha.
* Umbo la kuungana: mistari ya kitu hufuata mistari ya kile kilicho nyuma yake, kama upinde juu ya mgongo wa kiti.

Kwa sababu hiyo ugumu wa mchezo hautegemei wepesi wa mikono, jambo ambalo huwazuia watu wengi kucheza michezo mingine ya video. Unategemea subira na kumbukumbu. Mchezaji mzoefu hujifunza kutotafuta kitu kizima, bali dalili yake: mkunjo wa mpini, nukta ya jicho, pembe ya karatasi.

Lugha na orodha ya maneno

Tofauti na michezo mingi ya video, mchezo wa aina hii hauchezeki bila kusoma. Orodha ni ya maneno, na asiyejua neno hawezi kujua anatafuta nini. Kwa sababu hiyo kazi ya tafsiri ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Watengenezaji hupenda maneno yenye maana zaidi ya moja. Kwa Kiingereza neno bat linaweza kuwa popo au gongo la kupigia mpira, na nail linaweza kuwa msumari au ukucha. Anayesoma neno hilo katika orodha hajui atafute kipi, naye hugundua anapokiona. Likitafsiriwa kwa lugha ambayo ina neno tofauti kwa kila maana, fumbo linapotea.

Mfululizo wa Mystery Case Files umetafsiriwa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kijerumani, Kifaransa na Kihispania, lakini haukutolewa kwa Kiswahili. Hata hivyo Kiswahili kina maneno mengi yanayofaa kwa mchezo kama huu. Ndege anaweza kuwa kiumbe au chombo cha kusafiria angani. Tai ni ndege mkubwa au kitambaa cha kufunga shingoni. Kanga ni ndege au vazi. Kaa ni mnyama wa pwani au kipande cha moto. Na mbuzi ni mnyama au kifaa cha kukunia nazi. Wachezaji wanaotumia toleo la Kiingereza bila kuwa wenyeji wa lugha hiyo hujikuta wakijifunza majina ya vitu vya nyumbani ambayo kwa kawaida hayafundishwi shuleni, kwa sababu kila neno linalofutwa katika orodha limeambatana na picha yake.

Uuzaji

Ravenhearst iliuzwa hasa kwa kupakuliwa kutoka intaneti. Mteja aliweza kuicheza bila malipo kwa muda wa saa moja. Saa hiyo ikiisha, mchezo ulifungwa hadi alipolipa. Mpango huu uliathiri namna michezo hiyo ilivyotungwa: dakika 60 za kwanza zilipaswa kumwingiza mchezaji katika hadithi na kumwacha mbele ya mlango anaotaka kuufungua. Shajara iliyosomwa nusu ilifaa sana kwa lengo hilo.

Wanunuzi wengi wa michezo ya aina hii walikuwa wanawake watu wazima, kundi ambalo kampuni kubwa za michezo ya video zilikuwa zimelisahau kwa muda mrefu. Big Fish Games iliwatangazia mchezo mpya kila siku na kuwauzia wanachama wake kwa bei nafuu. Baadaye yalikuja pia matoleo maalumu ya bei ya juu zaidi, yenye sura ya ziada, muziki, picha na mwongozo wa jinsi ya kumaliza mchezo.

Mwendelezo

Kwa miaka kadhaa kampuni ilitoa mchezo mmoja mkuu wa mfululizo huu kila mwezi wa Novemba. Baada ya Ravenhearst ilifuata Madame Fate (2007), kuhusu mpiga ramli wa maonyesho ya kutembea anayeona kifo chake mwenyewe kikikaribia.

Hadithi ya Emma na Charles iliendelea katika michezo ifuatayo:

* Return to Ravenhearst (2008): mpelelezi anarudi katika jumba na kugundua kwamba Rose Somerset na mabinti zake mapacha, Charlotte na Gwendolyn, nao walifungwa humo. Muda wenye kikomo uliondolewa, na mchezaji akaweza kutembea kutoka chumba hadi chumba huku akibeba vitu vya kutumia baadaye.
* Escape from Ravenhearst (2011): mchezo unaingia katika maisha na akili ya Charles mwenyewe na mwanawe Victor. Orodha za maneno ziliachwa, na badala yake mchezaji alitafuta vitu vinavyobadilika umbo polepole.
* Key to Ravenhearst na Ravenhearst Unlocked (yote 2015): ilitengenezwa na studio ya Eipix ya mjini Novi Sad, Serbia, na kuirudisha familia ya Dalimar.

Michezo mingine ya mfululizo ilikuwa na hadithi zake. Dire Grove (2009) ilianza kutumia video za waigizaji halisi ndani ya picha zilizochorwa. 13th Skull (2010) iliwekwa katika jimbo la Louisiana, na katika Shadow Lake (2012) mwigizaji wa filamu Lea Thompson alicheza kama mwanamke mwenye uwezo wa kuona yaliyojificha. Kwa jumla mfululizo una michezo zaidi ya 20.

Mapokezi na athari

Ravenhearst ilipendwa kwa hadithi yake na kwa mitambo ya milango, na jina lake likawa maarufu kuliko yote katika mfululizo. Lawama iliyotolewa mara kwa mara dhidi ya mchezo huu na wenzake ni kwamba vitu vinavyotafutwa havihusiani na hadithi. Mchezaji anayejaribu kuiokoa roho ya mtu anaweza kutakiwa kwanza kutafuta mswaki, ndizi na mpira. Watengenezaji waliofuata walijaribu kutatua tatizo hilo kwa njia mbalimbali: kufanya kila utafutaji umalizike kwa kitu kimoja chenye kazi katika hadithi, kutumia vitu vinavyofaa mahali husika pekee, au kupunguza utafutaji na kuongeza mafumbo.

Mtindo wa nyumba yenye giza na shajara ulienea haraka. Studio nyingi za Ulaya ya Mashariki zilijikita katika aina hii. Miongoni mwake ni Elephant Games ya Urusi, iliyotengeneza pia Fate's Carnival (2013) katika mfululizo huu, na Artifex Mundi ya Polandi, iliyotoa Enigmatis: The Ghosts of Maple Creek mwaka wa 2011.

Baadaye kutafuta vitu kulihamia kwenye mitandao ya kijamii na simu. Criminal Case ya kampuni ya Pretty Simple ya Paris ilianza kwenye Facebook mwaka wa 2012, na June's Journey ya kampuni ya Wooga ya Berlin ilitolewa kwa simu mwaka wa 2017. Michezo hiyo hutolewa bure, lakini mchezaji hupewa nguvu chache za kuanzia. Zikiisha, husubiri au hulipa. Mpango huo umebadilisha pia namna ya kusimulia. Mchezo unaolipwa mara moja, kama Ravenhearst, unahitaji mwisho, na mwisho wake ni mlango unaofunguka. Mchezo unaoingiza fedha kila siku unahitaji hadithi isiyokwisha.

Big Fish Games yenyewe ilipita katika mabadiliko hayo. Mwaka wa 2014 ilinunuliwa kwa dola za Marekani milioni 885 na Churchill Downs, kampuni inayoendesha mashindano ya farasi ya Kentucky Derby. Mwaka wa 2018 ilichukuliwa na Aristocrat ya Australia, watengenezaji wa mashine za kamari, kwa dola milioni 990. Kufikia wakati huo michezo ya kasino ya simu ilikuwa sehemu kubwa ya biashara yake. Hata hivyo mfululizo wa Mystery Case Files uliendelea kutolewa, na Ravenhearst ya mwaka wa 2006 bado huhesabiwa kuwa mchezo uliouweka mzuka katika aina hii.